Upande wa Kushoto Unauzwa Kando

9 Februari

Mke wangu Cheche,

Mimi babu yako, miaka sabini na tisa, niliyezika wake wawili, malori matano, madereva wote niliojifunza nao kazi, na daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi sifiki sitini, nakusalimu. Mimi sijambo. Mwezi uliopita asubuhi moja ulimi ulikuwa mzito na mkono ukawa kama wa kuazima, nikalala kidogo, nikaamka, yakaisha. Mwingine angebebwa na machela. Mimi mchana nilikuwa barabarani na gari la shule, watoto nyuma wanaimba.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Herufi ni kubwa ili usome bila kuhangaika, usije ukasema babu hajui kuandika. Na simu zako acha kupiga. Neno la simu mtu hulikana kesho yake, la karatasi halikaniki.

Nyumbani wote wazima. Mke wa baba yako mdogo anashonea watu nguo sebuleni, nami nikitaka kukaa lazima kwanza nipapase kiti kama kuna sindano. Bati la jikoni linavuja palepale.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako mdogo amenunua ndege ya kivita. Usishtuke, haipo. Ameilipia, na haipo. Iko ndani ya kompyuta. Akirudi kazini hali, hanawi, anaingia chumba cha nyuma, anakaa kwenye kiti, anashika fimbo iliyogandishwa mezani, anaanza kupiga vita na watu asiowajua. Nikamuuliza, hao wamekukosea nini? Akasema, baba, ni mchezo. Mtu ana mvi kidevuni.

Tena ngoja. Ndege ilipofika, akaambiwa bahari iko kando, nayo inalipiwa. Akanunua bahari. Bahari ikaja haina meli, meli nazo zinauzwa kando. Wiki iliyopita amenunua majira ya baridi. Mtu kutwa anatengeneza majokofu ya watu, akirudi nyumbani ananunua baridi. Nimezaa mimi huyu, au tulibadilishiwa hospitali?

Jana nikamwambia ondoka kitini nikuonyeshe. Akasema, baba, hii si lori. Nikasema kila chenye usukani ni lori, ila hili limekosa adabu ya kukaa chini. Nikaruka. Nikatua pia, ingawa yeye anaita kuanguka. Amenipa ndege ya bure, ya wanafunzi, kwa wivu. Nasikia na wewe huko unacheza huu upuuzi. Basi njoo turuke pamoja, uone dereva ni nini.

Babu yako na mume wako,
Kapteni

2 Machi

Shikamoo Babu,

Barua yako imefika, imenikuta nimekaa kitandani mguu juu, kipande cha chuma kiliniangukia kiwandani. Usiogope, kidole gumba tu. Msimamizi wetu alisema, "Wewe mchomeleaji gani unakanyagwa na kazi yako?" Nikamwambia angalau kazi yangu inanijia, yake ameisahau sura. Sasa haniongeleshi, tunafanya kazi kwa amani.

Mama mwenye nyumba wangu anakusalimu. Amesoma bahasha akaniuliza Kapteni ni wa jeshi gani. Nikamwambia jeshi la malori.

Baba mdogo usimchambue hivyo. Ni kweli hao wauza mchezo ni wachuuzi wasio na haya. Wanakupa ndege ya bure uonje, ukishanogewa wanakuuzia nyingine, kisha uwanja wa kurukia, kisha mawingu mazuri zaidi ya yale mawingu uliyopewa. Mimi mwenyewe nilinunua ndege ambayo vitufe vyake bado havijamalizika kutengenezwa. Wakasema vitakuja. Huu mwaka wa pili. Najua unacheka. Cheka taratibu, usije ukameza jino.

Nimekubali. Kila Jumamosi baada ya kazi, mimi na wewe. Nitakaa kushoto kwako, nyuma kidogo ya bawa. Hapo ndipo mwenzako hukaa kukulinda, na hapo utaniona ukigeuza macho tu. Na vaa vile vya masikioni tuongee, usiwe mkaidi.

Jambo moja limenishangaza. Umesema gari la shule. Baba mdogo aliniambia uliacha tangu mwaka jana. Bado unaendesha?

Mjukuu wako, ambaye hakuwahi kukubali ile mahari yako ya pipi,
Cheche

11 Aprili

Mke wangu mtoro,

Marahaba. Pole ya kidole. Bado naendesha ndiyo, kwani kuna mtu kanizika? Walimleta kijana mmoja mwaka jana anirithi, akashindwa kupanda mlima wa shule na gia ya pili. Mwalimu mkuu mwenyewe, yule mama mrefu, alikuja hapa nyumbani kuniita. Nikamkubalia kwa masharti yangu. Vile vya masikioni sivai, sikuzaliwa kubeba mabakuli kichwani.

Habari za hapa si nzuri sana, na zote ni visa vya watu. Jirani yetu, yule muuza simenti, amesogeza nguzo ya geti lake barabarani kwa husuda. Nimeigonga. Anasema nguzo iko palepale alipoijenga. Nguzo inajuaje ilipojengwa? Kioo cha pembeni cha gari nacho kimeng'oka, nadhani mahali nilipoegesha kuna vibaka. Na mke wa baba yako mdogo siku hizi ananiletea chai bila mkate. Nikimuuliza anasema, "Mkate huo hapo, baba," anausogeza mbele yangu kama mazingaombwe. Namwangalia tu. Ananipima subira.

Sasa wewe. Jumamosi zote hizi tunaruka, wewe huonekani. Ulisema utakaa kushoto. Kushoto hakuna mtu. Napigwa risasi kama ngoma, sijui zinatoka wapi, naanguka, kompyuta inaniandikia nimekufa. Kulia naona kila kitu, hata ndege ndogo mbali kama inzi kwenye shuka. Kushoto kumetulia kama ofisi siku ya mshahara ukishatoka.

Nikakaa nikafikiri, maana kichwa changu hakilali. Nikagundua wizi. Hawa watu, Cheche, wanauza bahari kando, wanauza baridi kando. Hii ndege yangu ni ya bure. Basi walichonipa bure ni upande mmoja. Upande wa kushoto unauzwa kando! Maadui waliolipia wanapita hukohuko kwenye sehemu ambayo mimi sijalipia, wananichinja wakitaka. Ndiyo maana hata wewe sikuoni, wewe uko kwenye kushoto ya kulipia.

Nikamwambia baba yako mdogo, ninunulie kushoto. Akadhani natania. Akafungua duka lao hapo kwenye kioo, akatafuta, nimemsimamia. Kuna kila takataka. Kuna rangi ya ndege, kuna viti, kuna hata rubani mwenye ndevu. Kushoto hakuna. Nikasema kumekwisha, wamenunua wengine. Akacheka mpaka akatoka nje. Nikamfanya awaandikie wale wenye mchezo barua kali nami namsomea maneno. Wamejibu wanashukuru kwa maoni yangu, na wananipa punguzo kwenye jangwa. Nalitaka jangwa la nini?

Wewe uko karibu na wenye akili huko. Uliza kushoto kunauzwa wapi.

Kapteni

5 Mei

Shikamoo Babu,

Leo sina habari za mama mwenye nyumba wala za msimamizi. Naomba usome hii umekaa, na usome yote.

Kushoto hakuuzwi. Kupo kwenye ndege yako ya bure kama kulivyo kwenye yangu. Nilikuwa kushoto kwako kila Jumamosi. Mwanzoni nilidhani unanipuuza kwa ukaidi wako. Jumamosi ya mwisho nikaamua kukujaribu. Nilisogea mpaka bawa langu likakaribia kugusa lako. Nikawasha taa. Nikatoa moshi mwekundu, ule wa sherehe. Nikapita mbele yako kutoka kushoto, na uliposhtuka ndipo nilikuwa nimeshavuka katikati ya kioo. Halafu ukageuza ndege ukanigonga, tukaanguka wote wawili. Najua nyumbani ulisema umegongwa na mwendawazimu.

Nilicheka niliposoma barua yako. Nilimsomea muuguzi wa kiwandani kwetu ile ya kushoto kuuzwa, tucheke pamoja. Yeye hakucheka. Aliuliza kama uliwahi kuamka ulimi mzito. Nikamwambia. Akauliza kama unabakiza chakula upande mmoja wa sahani. Nikakumbuka mkate. Akauliza kama unagonga vitu upande uleule, nami nikakumbuka nguzo na kioo. Anadhani asubuhi ile ilikuwa kiharusi kidogo, kimepita, lakini kimekwenda na nusu ya uonaji wako. Anasema mtu mwenye hali hiyo hajui kwamba haoni. Haoni giza wala kiwingu. Anaona dunia imeishia hapo, na anaridhika.

Babu, mlango wa gari la shule uko upande gani?

Nakujua, hutajibu. Mlango uko kushoto. Watoto wanashukia kushoto, wanasimama kushoto, wengine wafupi kuliko tairi.

Nenda kwa daktari wa macho. Kabla hujaenda, weka funguo mezani. Nimempigia baba mdogo leo, kanijibu, "Mimi? Nimwambie mimi? Umesahau alivyonifukuza na spana?" Basi nimebaki mimi. Barua inachelewa, na siwezi kukaa na hili kila asubuhi nikijua unawasha gari. Ikifika mwisho wa mwezi sijasikia kwamba umeacha, nitapiga simu shuleni mwenyewe.

Cheche

29 Mei

Cheche,

Barua yako nimeipata. Sote hatujambo.

Nimeendesha magari kabla baba yako hajaota meno. Nimevuka madaraja yaliyokuwa yamebaki mbao mbili. Nimeendesha usiku bila taa kwa mwanga wa lori la mbele, na lori la mbele nalo halikuwa na taa. Leo mtu anayekaa kwenye cheche za moto kutwa, macho yake mwenyewe yamekaangwa, ananifundisha kuona. Na muuguzi wa kufunga bandeji vidole vya watu ananitibu kwa kusimuliwa.

Sioni kushoto? Mbona naandika barua?

Watoto wale wananipenda. Wananiita Babu Honi. Sijawahi kumgusa hata mmoja. Kwa daktari siendi. Daktari hata ukimpelekea jiwe atalikuta na ugonjwa.

Ukipiga simu shuleni, usiniite babu, na mahari yangu nirudishie.

Wako aliyekuwa mume wako

20 Juni

Shikamoo Babu,

Nimepiga. Ilinichukua siku mbili kushika simu, na nilipoishika niliongea haraka kama mwizi. Nilimwambia mwalimu mkuu mimi ni nani, sikujificha. Nilimwambia pia kwamba hujawahi kumgusa mtoto, na kwamba hujui.

Nimekuwekea pipi kwenye bahasha hii. Ndiyo mahari yako. Kama zimeyeyuka njiani, lawama kwa posta.

Jumamosi nitaruka kama kawaida. Nitakuwa palepale.

Cheche

14 Septemba

Cheche,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli. Usidhani vingine. Pipi zilifika zimekuwa pande moja la sukari, nimezila kwa kisu.

Mke wa baba yako mdogo anakusalimu. Baba yako mdogo ameuza bahari. Yaani alitaka kuiuza, akaambiwa kitu cha humo ukishanunua hakiuziki tena. Nikamwambia hata punda mzee ana soko. Amenuna wiki nzima.

Nakuandikia yaliyotokea, maana huko utakuwa umesikia ya uongo.

Ulipopiga ile simu, yule mama mrefu aliniita ofisini. Akanikaribisha kiti, akanipa maji, nikajua hapa kuna msiba. Akasema, "Babu Honi, naomba funguo." Nikasema za nini? Akasema, "Mjukuu wako amepiga." Nikamwambia mjukuu wangu huwa anapigana na mawingu, usimsikilize. Akanyoosha mkono tu. Nikakataa. Nikasema nipeni mtihani hapahapa kwenye uwanja wa shule. Watoto wakae madarasani, madirisha yafungwe, mniwekee chochote mnachotaka, nikizunguka bila kugusa, funguo zinabaki mfukoni mwangu mpaka siku nitakayozikwa nazo. Akafikiri. Akasema sawa. Mwanamke jasiri yule, ingawa hana adabu.

Akamwita mlinzi wa lango. Mlinzi akatoa vile viti vidogo vya watoto wa darasa la awali, vya mbao, vyenye rangi rangi. Akavipanga uwanjani huku na huku, akiniachia njia pana. Nikaingia, nikawasha. Gari linanijua, liliitikia mara moja. Nikazunguka uwanja mzima pole pole, kiwiko dirishani, nikipiga honi kwenye kona kama desturi yangu. Viti vya kulia nilivipita kwa upana wa kiganja. Nikasimama palepale nilipoanzia, nikazima, nikashuka nikicheka. Nikasema, haya, leteni mtihani mgumu.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mlinzi anaangalia chini ya gari.

Nikazunguka kwenda kule upande wa mlango. Sikuvunja kiti kimoja, Cheche. Nilivunja safu nzima. Kimoja, cha njano, kilikuwa bado chini ya tairi la nyuma, miguu juu. Sikusikia chochote. Honi ilikuwa inalia.

Nilisema viti vya siku hizi havina nguvu. Nilisema mbao gani hizi, enzi zetu kiti kilikuwa kiti. Mwalimu mkuu akasema, "Ndiyo, Babu." Niliendelea kusema kwa muda. Mlinzi akaanza kuokota vipande. Nikainama nikamsaidia, na kuna vingine hakuna aliyenionyesha, mpaka nilipovikanyaga.

Funguo nilimpa mwalimu mkuu. Hakuninyang'anya, nilimpa. Mtu akikwambia kaninyang'anya, mwambie ni mwongo.

Hospitali nimekwenda kwa sababu nilikuwa na nafasi, sina kazi. Walinikalisha mbele ya duara jeupe, niseme kila nuru ndogo ikiwaka. Nikasema taa zenu za kushoto zimeungua. Wakasema haziungui. Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mdogo wako. Nikamwuliza, bei gani? Akauliza bei ya nini. Nikasema ya huu upande, nijue kama niuze kiwanja. Akasema haurudi, Babu. Akasema tuna mazoezi ya kugeuza shingo, na dawa ya kuzuia kingine kisije. Nikamwambia mwenzio aliyenitisha kwa chumvi nimemzika. Akasema basi nizike na mimi, ila dawa unakunywa. Huyu ana mdomo. Angeolewa kwetu.

Gari sasa anaendesha mama mmoja aliyekuwa dereva wa magari ya taka. Anakata kona mapema mno. Asubuhi husimama getini kwetu na watoto wananipungia mikono, nami nageuza shingo kama bundi ili niwaone wote. Nimemwambia honi anaipiga kama anaomba msamaha. Anajifunza taratibu.

Wewe sikusamehe, maana sijasema umekosea, na sijasema hukukosea. Ila Jumamosi niliyoruka asubuhi peke yangu kwa kukukwepa niliangushwa kabla ya kupanda juu, na yule aliyeniangusha akaniandikia neno ambalo kwa umri wangu sitaliandika. Jumamosi hii uje. Ukae kulia. Kushoto nitageuza shingo mwenyewe, lakini nikichoka uniambie kuna nini huko. Vile vya masikioni nimevaa. Vinabana.

Haya yote ndivyo yalivyokuwa. Usiponiamini, muulize mwalimu mkuu, yule mama mrefu, aliyeshika funguo. Muulize mlinzi wa lango, aliyeokota vipande. Na muulize yule daktari binti, ambaye wakati nasubiri majibu alikaa kushoto kwangu kunifariji muda wote. Ndivyo anavyosema yeye.

Babu yako na mume wako